Jicho litangulie, gari lifuate: njia panda za kuchungulia mjini Malindi

Kichochoro cha Shela kinapotokea barabarani, ukuta wa mawe ya matumbawe huishia palepale njia inapoanzia. Hakuna ukingo, hakuna hata nafasi ya kuweka mguu. Pua ya gari hutoka kwanza, na jicho la dereva lingali nyuma yake kama mita 2. Mtaa wa Majengo hali ni hiyo hiyo, ila kule kinachoficha ni bati au tofali, na mbele yake kuna kibanda cha mboga. Upande wa Casuarina kazi ya kuficha imeachiwa bogenvilia, zikapanda ukuta na kumwagikia nje.

Madereva wakifika kwenye pembe kama hizi wana mazoea mawili, na yote mawili ni mabaya. Wa kwanza hupiga honi na kupita bila kupunguza, akiamini honi imemsafishia njia. Wa pili husimama vizuri ukutani, akatazama kulia, akatazama kushoto, asione kitu kwa kuwa anachokitazama ni ukuta, kisha akaondoka kwa nguvu. Huyu wa pili hujihesabu mwangalifu, na ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Kusimama mahali ambapo huoni kitu bado si kuangalia. Gari limesimama, lakini uamuzi umefanywa gizani.

Kwa hiyo kwenye njia panda ya kuchungulia, yaani ile ambayo huoni barabara mpaka utokeze pua ya gari, kuna visimamo viwili. Cha kwanza ni cha watu: kabla bampa haijapita mwisho wa ukuta, simama kabisa, kwa sababu wanaotembea kandokando ya ukuta ndio walio karibu zaidi nawe, na mtoto anayetoka dukani hana injini ya kumtangaza. Cha pili ni cha jicho, na hicho kiko mbele zaidi, pale ambapo kweli unaanza kuiona barabara. Kati ya hivyo viwili kuna mita moja au mbili tu, na ndizo ngumu kuliko zote.

Nusu mita ya mwisho

Tuchukue vipimo vya kichochoro cha kawaida. Jicho lako liko mita 2 nyuma ya pembe ya ukuta, na kati ya bega lako na ukuta huo pana mita moja na nusu. Bodaboda inakuja kutoka upande huo, ikipita mita 3 mbali na ukuta. Hapo ulipo huwezi kuiona mpaka ibakishe chini ya mita 4. Songa hadi jicho libaki mita moja nyuma ya pembe: sasa unaiona ikiwa mita 6. Songa tena nusu mita: unaiona ikiwa zaidi ya mita 10. Jicho likilingana na pembe, barabara yote inafunguka kwa mara moja.

Tazama jinsi faida inavyorundikana mwishoni. Mita ya kwanza ilikupa kidogo sana, nusu mita iliyofuata ikakupa karibu maradufu. Ndiyo maana dereva anayekata tamaa mapema akasema “haionekani, acha nipite tu” amekata tamaa hatua moja kabla ya kuona.

Ila kuna gharama. Jicho likiwa nusu mita nyuma ya pembe, bampa imeshatokeza mita moja na nusu barabarani. Bodaboda ya kilomita 30 kwa saa inakwenda zaidi ya mita 8 kila sekunde, na hizo mita 10 inazimaliza kwa sekunde moja na robo. Mwendeshaji anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kuanza kukanyaga breki. Hawezi kusimama. Anachoweza ni kukwepa, na atakwepa tu ikiwa pua yako imetokea polepole kiasi kwamba ameiona ikikua. Ikichomoza ghafla, hana la kufanya.

Basi kutokeza kuwe hivi. Zima redio, teremsha vioo vya pande zote mbili, kiyoyozi kisizidi kelele. Gari la gia liwe namba moja, klachi ikishikilia nusu, mguu mwingine juu ya breki. La otomatiki usiguse mafuta kabisa, maana likiachiwa breki peke yake hutambaa kilomita 5 au 6 kwa saa, na hiyo bado ni kasi mno. Libane kwa breki mpaka liende polepole kuliko mtu anayetembea. Sogea kiasi cha shubiri mbili, simama, tazama, sikiliza. Sogea tena. Inama mbele hadi kidevu kikaribie usukani: kwa kuinama tu unapata sentimita 30 au zaidi za kuona bila gari kutoka hata kidole. Wengi hawafanyi hivi kwa sababu wameegemeza kiti nyuma kama wako kibarazani. Pale penye kuta, kiti kiwe wima.

Anza upande wa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo kinachotoka kulia kwako ndicho kinachopita kwenye nusu ya barabara iliyo karibu na bampa yako, na ndicho kitakachokufikia kwanza. Lakini usimsahau yule anayempita mwenzake. Gari likitoka kushoto huku likipita tuktuk, litakuwa upande wako, palepale ulipotokeza pua. Anayetoka kwenye kichochoro na kukunja kushoto huona hana haja ya kutazama kushoto, kisha anakutana nalo uso kwa uso.

Ukiwa na mtu ndani ya gari, mtumie. Abiria wa mbele hana jicho karibu na bampa kuliko wewe, lakini akishuka akasimama pembeni anaona njia nzima. Utingo wa lori lililoshusha saruji mtaani ashuke kila mara lori linapotoka, awe mbele, si nyuma tu wakati wa kurudi. Mkubaliane ishara moja ya kusimama na moja ya kusogea kabla hajashuka. Na akitoweka machoni mwako, simama hapo hapo.

Kwa aliye kwenye barabara kubwa

Nusu ya kazi iko kwa anayepita mbele ya kichochoro, na huyo ndiye mara nyingi anayejiona hahusiki kwa sababu njia ni yake.

Kwenye lami kavu, gari lenye matairi na breki nzima, dereva akiwa macho, husimama kwa takriban mita 11 likiwa kilomita 20 kwa saa, mita 18 likiwa 30, na mita 35 likiwa 50. Kilomita 50 ndicho kikomo cha kisheria mjini, na kikomo maana yake ni mwisho wa juu, haina maana kwamba kila mtaa unaistahimili. Mbele ya mlolongo wa vichochoro, ambapo mtu anaweza kutokea mita 15 mbele yako, 50 haiwezekani. Hata 30 ni nyingi. Kule ndani kabisa, ambako magari mawili hayapishani, hesabu inakaza zaidi: lazima uweze kusimama ndani ya nusu ya umbali unaouona, kwa sababu nusu nyingine ni ya mwenzako anayekuja.

Mchanga hubadilisha hesabu hizi. Kila mahali barabara ya vumbi inapoingia kwenye lami, magurudumu hukokota mchanga na kokoto na kuzitandaza juu ya lami, hasa kwenye mkunjo. Hapo umbali wa kusimama tangu breki zishike hurefuka kama mara mbili, na bodaboda inayobana breki ya mbele huku imeinama inaanguka. Breki zimalizwe kabla ya mchanga, pikipiki ikiwa wima. Juu ya mchanga hakuna kubana na hakuna kuinama.

Kingine ni mahali unapopita. Wale wenye pikipiki na baiskeli hupenda kukaa karibu kabisa na ukuta wakidhani wanakwepa magari. Rudi kwenye vipimo vya juu: jicho la anayetokeza likiwa mita moja nyuma ya pembe, anayepita mita 3 kutoka ukutani anaonekana akiwa mita 6, lakini anayepita mita moja kutoka ukutani anaonekana akiwa mita 3. Na huyo wa pili yuko palepale bampa inapotokea. Ukikaribia kichochoro kilicho kushoto kwako, sogea kulia ndani ya upande wako, bila kuvuka kati ya barabara. Unaona mapema, unaonekana mapema, na umeacha nafasi ya pua ya mtu.

Tuktuk inastahili maneno yake. Dereva wake amekaa katikati na mbele, jicho liko karibu na gurudumu la mbele, kwa hiyo anachungulia vizuri kuliko mwenye gari lolote lenye boneti. Hiyo ni neema na aitumie. Udhaifu wake ni kwamba gurudumu moja mbele na mawili nyuma havivumilii kukwepa kwa ghafla: usukani ukikatwa kwa nguvu kwenye kilomita 30 au 40, tuktuk inalala ubavu. Kwa hiyo mwenye gari asitarajie tuktuk imkwepe, na mwenye tuktuk asijipe kasi ambayo wokovu wake utakuwa kukata kona. Siku za mvua mapazia ya pembeni ya plastiki yakishashushwa na kuingia ukungu, ile faida ya kuona imepotea yote. Pazia la upande wa dereva lifungwe juu njia panda inapokaribia, hata kama abiria atalowa kidogo.

Honi ifanye kazi ya simile ya mwenye mkokoteni: kumjulisha mtu kwamba upo, wala si kumfukuza njiani. Mlio mmoja mfupi, mita 15 au 20 kabla ya pembe, kisha unapunguza vilevile. Bodaboda za umeme na baiskeli hazina mngurumo, punda hapigi honi, na upepo wa kusi ukivuma sauti ya kitu kinachotoka kaskazini hukufikia hafifu. Kutosikia jibu hakumaanishi kwamba hakuna mtu.

Kuingia barabara ya Mombasa au ya Lamu

Nje ya mji tatizo linageuka sura. Ukitoka Watamu ukafika Gede, au ukitoka Mambrui kuingia barabara ya kwenda Lamu, huna ukuta wa matumbawe. Una matatu zilizosimama steji, vibanda, mabango ya viwanja na hoteli, na magari yanayokuja kwa kilomita 80 au zaidi. Kosa la hapa ni kukadiria pengo.

Probox ina urefu wa mita 4 na kitu. Barabara ya njia mbili ni kama mita 7. Kuvuka moja kwa moja kutoka kusimama, mpaka bampa ya nyuma itoke upande wa pili, ni mita 13 hivi, na kwa mwendo wa kawaida wa kuondoka huchukua sekunde 4 na ushei. Ongeza sekunde ya kuamua, inakuwa 5. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo lisiwe karibu zaidi ya mita 110. Likiwa kilomita 100, mita 140. Kukunja kulia ni kugumu zaidi kwa sababu unavuka upande mmoja kisha unaingia wa pili ambako lazima uongeze kasi usigongwe nyuma: jipe sekunde 7 au 8, yaani mita 170 kwa gari la kilomita 80. Ukiwa umepakia watu, au lori lina mzigo wa chumvi kutoka Gongoni, ongeza tena, maana kuondoka kwake ni kuzito.

Mita 170 si rahisi kuzikisia kwa macho, lakini sekunde zinahesabika. Chagua nguzo ya umeme au mti ulio mbali. Gari likipita hapo, anza kuhesabu taratibu, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka likufikie. Fanya hivyo kwa magari mawili matatu ukiwa umesimama na utajua nguzo hiyo ni ya sekunde ngapi. Ikiwa kona au kilima hakikuonyeshi hata sekunde 7 upande mmoja, usikunje kulia hapo. Kunja kushoto, nenda mbele mpaka mahali peupe, geuka. Dakika tatu zaidi.

Na sasa jambo ambalo kila dereva wa pwani analijua na bado linawaponza watu: kupungiwa mkono. Matatu imesimama, dereva wake kakupisha kwa uungwana, anakupungia upite. Alichokupa ni nafasi yake yeye. Hajakupa nafasi ya bodaboda inayompita upande wa kulia, wala ya ile inayojipenyeza kushoto kwake karibu na abiria wanaoshuka. Mshukuru, kisha toka hadi usawa wa pua ya matatu, simama tena, chungulia. Vivyo hivyo na anayekuwashia taa kubwa: kuna anayewasha kusema pita, na kuna anayewasha kusema ninakuja, usithubutu. Mwanga ni ule ule. Ngoja uone gari lenyewe linapungua.

Desturi nyingine ya kuachwa ni kuwasha hazadi ili kuonyesha kwamba unakwenda moja kwa moja. Mtu aliye pembeni, nyuma ya ukuta au nyuma ya lori, haoni taa zako zote mbili. Anaona moja. Kwake yeye umewasha indiketa, unakunja, na njia ni yake. Anatoka. Kwenda moja kwa moja hakuhitaji taa yoyote.

Kisha nguzo ya kioo cha mbele. Ile ya kulia iko karibu mno na uso wako. Nguzo ya upana wa sentimita 10, ikiwa sentimita 70 kutoka jichoni, humfichia jicho moja karibu mita 3 za barabara kwa umbali wa mita 20. Macho mawili hupunguza pengo hilo hadi kama mita moja, na pikipiki ikija uso kwa uso haina hata mita moja ya upana. Kibaya zaidi, wewe na bodaboda mkielekea mahali pamoja kwa kasi zisizobadilika, itakaa nyuma ya nguzo hiyo mwanzo hadi mwisho. Hutaiona ikija, utaiona imefika. Dawa yake ni kusogeza kichwa na kiwiliwili mbele na nyuma, sentimita 20 au 30, kila unapotazama. Na vile vitu vinavyoning’inia kwenye kioo, bendera, tasbihi, kishikio cha simu kilichobandikwa kwenye pembe ya kulia, vyote vinaiongezea nguzo upana. Vitoe.

Jua, mvua, usiku

Mji wetu unatazama mashariki. Asubuhi, tangu jua linapochomoza hadi kama saa 1 na nusu, kila anayeteremka kuelekea baharini ana jua machoni. Jioni baada ya saa 11 na nusu ni zamu ya anayekwenda Ganda, Kakuyuni na njia ya Sala. Ukiwa na jua nyuma yako, wewe unaona vizuri kabisa na yule wa mbele hakuoni, kwa hiyo kutazamana naye si hakika. Kioo chenye chumvi ya bahari na mikwaruzo ya waipa iliyokauka huugeuza mwanga huo kuwa pazia jeupe. Kioshwe kwa maji matamu na sabuni, ndani na nje, mpira wa waipa ubadilishwe ukianza kuacha mistari.

Usiku kuna msaada mmoja ambao mchana haupo. Kabla ya pembe, shusha taa hadi ndogo kwa muda mfupi ukiwa umesimama, utazame ukuta wa mbele. Kuta zilizopakwa chokaa hupokea mwanga wa gari linalokuja kabla gari lenyewe halijaonekana. Ukuta ukibaki mweusi, maana yake hakuna chenye taa. Baiskeli isiyo na taa, mkokoteni na mwenye buibui jeusi anayerudi msikitini bado wanaweza kuwapo, kwa hiyo kutambaa ni kule kule. Badala ya honi usiku, washa na kuzima taa kubwa mara mbili.

Pembe ya nyumba yako

Jicho la dereva wa gari dogo liko juu ya ardhi kwa mita moja na kidogo. Ua, maua au mabango yanayozidi urefu huo kwenye pembe yanamfunga macho. Mwenye nyumba ya pembeni anaweza kufanya makubwa kuliko alama yoyote: kata ua lisizidi sentimita 90 kwa mita 3 za kwanza kila upande wa pembe, na matawi ya mwarobaini yakatwe kuanzia chini hadi mita 2 na nusu. Anayejenga ukuta mpya asiifanye pembe kali; aikate mshazari, mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Hasara ni kipande kidogo cha kiwanja. Kibanda, gari la kuuza na rundo la maboriti vikae angalau mita 10 kutoka kwenye pembe.

Pasipokatika, weka kioo mbinuko cha sentimita 60 au 80 ng’ambo ya kichochoro. Kijue udhaifu wake: vitu huonekana vidogo na vya mbali kuliko vilivyo, kulia na kushoto hugeuka, na kasi haisomeki. Kioo kinaweza kukwambia “kuna kitu, ngoja.” Hakiwezi kukwambia “pita.” Hewa ya bahari hukifunika chumvi upesi, kwa hiyo awepo mtu wa kukifuta kwa maji matamu kila wiki, na fremu isiwe ya chuma kisicho na rangi. Barabara zenyewe zina wenyewe: kwa mamlaka za serikali, kuu za taifa ni za KeNHA, za mijini KURA, za vijijini KeRRA, na nyingine ni za Kaunti ya Kilifi. Kabla ya kuchimba nguzo ya kioo au kuomba tuta, ulizeni barabara hiyo iko mikononi mwa nani, muende na picha iliyopigwa kutoka kiti cha dereva.

Na kipimo cha kujua kama pembe imekatwa vya kutosha ni chepesi. Mmoja akae kwenye kiti cha dereva, bampa ikilingana na mwisho wa ukuta. Mwingine achukue baiskeli, aje kutoka mbali, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Aliye ndani apige kelele anapoona gurudumu, aliye nje aweke jiwe hapo, mpime hatua. Jiwe likiwa chini ya mita 20, kateni tena. Mpime Machi kabla ya masika, na mrudie Juni, kwa sababu bogenvilia iliyokatwa kabla ya mvua huwa imeshaifunga pembe tena.